JAZZ SIYO OK JAZZ PEKE YAKE: KUSIKILIZA NA KUKUSANYA DISKI ZA ZAMANI HUKU KWETU KASONGO

Ukitaja neno jazz hapa Kasongo, mtu wa kwanza atakayekujibu atakutajia Franco. Wa pili atakutajia Grand Kallé. Ukifika Kabambare ukamuuliza mzee aliyekuwa kijana miaka ya sitini, atakuambia jazz ni orkestra: magitaa matatu, saksofoni, mwimbaji aliyevaa akapendeza, na watu wanacheza mpaka asubuhi. Hakosei. African Jazz ya Joseph Kabasele ilianza mwaka 1953, OK Jazz ikazaliwa Juni 1956, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kulikuwa na Dar es Salaam Jazz tangu miaka ya 1930, Morogoro Jazz tangu 1944, na Western Jazz ya Dar es Salaam. Bendi hizo zilipiga zaidi rumba na mitindo ya nyumbani. Neno jazz lilikuwa kama suti mpya: lilisema kwamba hawa ni vijana wa mjini, wana vyombo vya kisasa, hawapigi muziki wa jana.

Mimi leo nataka kueleza ile jazz nyingine, ya Wamarekani weusi, na namna mtu anavyoweza kuikusanya na kuisikiliza akiwa huku kwetu, kwenye diski za plastiki (Watanzania wanaziita santuri) na kwenye CD. Kila nikiweka diski yangu jioni, jirani anapitisha kichwa mlangoni na kuuliza: "Yaya, ile ni muziki gani? Hakuna hata mutu anaimba!" Ni swali zuri kuliko anavyodhani, nitalijibu. Lakini kuna swali zito zaidi, ambalo wenzangu wahitimu mnaniuliza kwa kucheka: kijana wa Maniema, bila kazi ya kueleweka, anatafuta nini kwa Miles Davis? Najibu kwamba ndani ya diski hizo kuna habari zetu. Kuna Kongo ya 1960, kuna Lumumba, kuna hata Kiswahili, lugha ya mama zetu, kimerekodiwa New York na wanamuziki wakubwa wa wakati ule. Habari hizo ziko kwenye sauti na ziko kwenye karatasi ya jalada, na ukitupa jalada unapoteza nusu yake.

Tuanze na swali la jirani.

Ukitaka kuielewa jazz, usianze na tarumbeta. Anza na besi. Chukua "So What", wimbo wa kwanza wa albamu Kind of Blue ya Miles Davis, iliyorekodiwa New York kwa siku mbili tu, tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959. Kuna utangulizi mfupi wa piano na besi, kisha besi ya Paul Chambers inasema jambo, na wapulizaji wanaitikia kwa noti mbili. Besi inasema tena, wanaitikia tena. Nani kati yetu hajui hilo? Ni mwimbishaji na waitikiaji, kama tunavyofanya msibani na harusini. Kumbe "mwimbaji" yupo, ila koo lake ni la mbao na nyuzi.

Sasa hesabu. Wimbo umekatwa vipande vinne, kila kimoja kina hesabu nane. Viwili vya kwanza vinakaa kwenye sauti moja, cha tatu kinapanda kidogo, nusu hatua tu, cha nne kinarudi chini. Njia ni hiyo, hakuna nyingine. Wakishaipita pamoja, Miles Davis anabaki peke yake mbele na kuizunguka mara mbili, akisema ya kwake. Halafu John Coltrane kwa saksofoni, halafu Cannonball Adderley, halafu Bill Evans kwa piano. Njia ile ile, wasafiri wanne. Mmoja anatembea polepole na kunyamaza sana, mwingine anakimbia kama anachelewa treni. Ukiweza kusikia kile kipande cha tatu kikipanda, kila mara, bila kujali nani anapiga, basi umeshajifunza kusikiliza jazz. Mengine ni mazoezi.

Linganisha na sebene yetu. Kwenye rumba maneno yanaimbwa kwanza, kisha magitaa yanafunguka, na gitaa la solo linarudia kisentensi kimoja kitamu mpaka mchezaji asahau viatu vyake. Utamu uko kwenye kurudia. Mpiga jazz anajitahidi asirudie. Anajenga hadithi, na akirudia jambo amelirudia kwa makusudi ili ulione tena. Ndiyo maana jazz inamchosha mtu anayeiweka huku anapika au anachapa TFC yake. Mimi nasikiliza upande mmoja wa diski kwa usiku, dakika kama ishirini, na kabla sijazima najilazimisha kusema nani alipiga vizuri zaidi na kwa nini. Mtaona mchezo wa kitoto, lakini hakuna darasa lililonifunza zaidi.

Na msidhani hizi jazz mbili hazikuwahi kukutana. Katika miaka ya 1930 kampuni ya HMV ilianza kuuza Afrika diski za mfululizo wa GV, zenye muziki wa Kuba, na Léopoldville ikazipenda kwa sababu ilisikia ndani yake ngoma zilizowahi kuvuka bahari na watumwa. Mwaka 1953 mpiga gitaa wa jazz kutoka Ubelgiji, Bill Alexandre, alianzisha huko Léopoldville studio iliyoitwa CEFA, na anatajwa kuwa ndiye aliyeliingiza gitaa la umeme katika muziki wa mji ule. Mwaka 1961 Kabasele alimleta Manu Dibango, Mkameruni aliyekulia kwenye jazz huko Ulaya, apige saksofoni na African Jazz. Ukiisikiliza rumba ya miaka ile ukiwa umeshazoea Coltrane na Lester Young, utazisikia saksofoni zetu upya kabisa. Hiyo peke yake inalipa gharama.

Sasa habari ya jalada, ambayo ndiyo kisa cha mimi kuacha kubebana na muziki wa Bluetooth.

Mwaka 1964, tarehe 9 Desemba, John Coltrane alirekodi A Love Supreme, dakika 33, sehemu nne. Sehemu ya mwisho inaitwa "Psalm". Ukiipata kwenye simu utasikia saksofoni inayoomboleza polepole juu ya ngoma zinazonguruma, bila mdundo wa kucheza, na utadhani mtu anatangatanga. Lakini ndani ya jalada la diski Coltrane alichapisha shairi, sala yake mwenyewe. Fungua jalada, weka kidole kwenye mstari wa kwanza wa shairi, na usikilize "Psalm" tena. Anapiga shairi hilo, silabi kwa silabi. Saksofoni inasoma! Aliyeandika kile anachokipiga amekiweka karatasini, na faili la simuni halina karatasi. Muziki bila jalada ni kama TFC bila marejeo: huenda kila neno ni la kweli, lakini humjui aliyelisema.

Mnisamehe, sitaingia kwenye ugomvi wa diski na CD kama wanavyoufanya watu wenye pesa. Diski ya plastiki ya mizunguko 33 kwa dakika, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, ina mfereji mmoja mrefu unaozunguka kuelekea katikati, na sindano inasoma mitikisiko ya kuta za mfereji huo. CD, iliyotoka mwaka 1982, inahifadhi sauti kama namba, namba 44,100 kila sekunde kwa kila upande, kushoto na kulia, na mwali wa leza unazisoma bila kugusa kitu. Diski huzeeka kila ikichezwa, CD haizeeki kwa kuchezwa. Diski ina jalada kubwa la sentimita 30 lenye maandishi ya kusomeka. Kitabu cha CD kinahitaji miwani. Sauti ya diski ina joto fulani, nakubali. Lakini wale wanaosema diski ya zamani ndiyo kweli na CD ni nakala wangeuliza habari ya ile Kind of Blue. Mashine iliyorekodi nyimbo tatu za upande wa kwanza ilikuwa inakwenda polepole kidogo siku ile, kwa hiyo diskini nyimbo zikatoka na mwendo wa haraka kuliko zilivyopigwa, na sauti ya juu kidogo. Vijana wa dunia nzima walioshika vyombo vyao ili wapige pamoja na Miles walikuta havilingani. Kosa hilo lilirekebishwa mwaka 1992, kwa toleo la CD. Zaidi ya miaka 30 diski ilikuwa inasema uongo mdogo, na CD ndiyo iliyousahihisha.

Kwa mtu wa Kasongo basi mimi nashauri CD kwa kusikiliza na diski kwa yale machache ambayo jalada lake huwezi kulikosa. Nina CD kama sitini na diski zisizofika thelathini. Nyingi za diski zilitoka kwenye sanduku la mwalimu mmoja mstaafu aliyesoma Lubumbashi zamani. Watoto wake walikuwa wanataka kuokoa sanduku tu.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa mambo yote haya. Naomba muwe na kalenda ya mwaka 1960 mbele yenu.

Tarehe 30 Juni Kongo inapata uhuru. Septemba Lumumba anaondolewa madarakani. Kuanzia tarehe 10 Oktoba amefungiwa ndani ya nyumba yake Léopoldville, amezungukwa na askari. Tarehe 28 Oktoba, mji ule ule, anashuka Louis Armstrong. Serikali ya Marekani ndiyo iliyomtuma, katika safari ya kuzunguka Afrika. Watu wakambeba juu kwa juu kwenye tipoy kama chifu, akapiga tarumbeta uwanjani mbele ya umati mkubwa. Baadaye Novemba alifika mpaka Elisabethville, kwenye Katanga ya Tshombe iliyokuwa imejitenga. Miezi hiyo hiyo shirika la ujasusi la Marekani lilikuwa na mpango wa kumuua Lumumba kwa sumu. Hilo si uvumi wa kwenye kilabu, lilithibitishwa na kamati ya Seneti ya Marekani yenyewe mwaka 1975. Mkurugenzi wa filamu wa Ubelgiji, Johan Grimonprez, ameyaweka haya yote pamoja kwenye filamu yake ya 2024, Soundtrack to a Coup d'Etat. Tafuteni muione.

Je, Armstrong alijua? Huyu ndiye mtu ambaye mwaka 1957 alikataa kwenda Urusi kwa niaba ya serikali yake, kwa hasira ya jinsi watoto weusi walivyozuiwa kuingia shule huko Little Rock. Kibaraka hakatai safari ya namna hiyo. Naona alikuja kwa moyo mweupe, na moyo huo ukatumiwa. CD yake ninayo, naisikiliza, na sijawahi kuisikiliza bila kufikiria nyumba iliyozungukwa na askari.

Sasa geuka New York, katikati ya Novemba mwaka ule ule. Lumumba bado kafungiwa. Mpiga piano wa Brooklyn, Randy Weston, anaingia studio na kundi la wanamuziki zaidi ya 20 kurekodi kazi moja ndefu ya kuzishangilia nchi za Afrika zilizokuwa zinapata uhuru. Albamu inaitwa Uhuru Afrika. Mshairi Langston Hughes aliandika maneno. Muziki ulipangwa na Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni (dada zetu, lishikeni jina hilo, maana kwenye historia ya jazz wanawake wametajwa kama wapishi wa sherehe). Weston hakutaka Afrika ile ya sinema za Tarzan. Alitaka lugha ya Kiafrika isikike ikisemwa kwa heshima, na akachagua Kiswahili. Maneno ya Hughes yakafasiriwa, na Mtanganyika mmoja aliyekuwa New York, Tuntemeke Sanga, akayasoma mbele ya maikrofoni.

Kwa hiyo unaweka albamu ya jazz, ya mwaka 1960, yenye Freddie Hubbard na Clark Terry kwenye tarumbeta, Yusef Lateef, Ron Carter kwenye besi, na kitu cha kwanza unachosikia ni ngoma na mtu anayeongea lugha yako. Si wimbo wa kitalii. Anaongea taratibu, kama mzee anayefungua kikao. Sehemu zake zina majina ambayo sisi hatuhitaji kufasiriwa: "Uhuru Kwanza", "Bantu", "Kucheza Blues". Hilo la mwisho linanichekesha kila mara, kwa sababu kwetu kucheza ni dansi, na blues ni huzuni, na ndiyo hasa inavyosikika, huzuni inayocheza. Albamu ilitoka mwaka 1961. Mwaka 1964 serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku.

Mimi kwanza niliipata albamu hii kwa Bluetooth. Faili liliandikwa "Track 01". Hakuna Hughes, hakuna Liston, hakuna Sanga. Kijana niliyemsikilizisha alisema labda ni radio ya zamani. Ndipo nilipoelewa tunachopoteza. Sauti ya Kiswahili imesafiri kutoka New York 1960 mpaka Kasongo, imefika bila jina la msemaji, katika mji ambao kila mtu angemwelewa neno kwa neno.

Miongoni mwa wapiga ngoma wa Uhuru Afrika kuna Max Roach na kuna Mnigeria Babatunde Olatunji. Ukiwa na majalada mawili kando kwa kando utayaona majina hayo hayo kwenye We Insist!, albamu ya Max Roach mwenyewe, iliyorekodiwa miezi miwili kabla, Agosti na Septemba 1960. Jalada lake ni picha: wanaume weusi wamekaa kwenye kaunta ya mkahawa, wanamtazama mwenye kamera, na nyuma ya kaunta mhudumu mzungu hajui afanye nini. Anayeimba ni Abbey Lincoln. Tarehe 27 Novemba Lumumba anatoroka akielekea Stanleyville, anakamatwa, tarehe 17 Januari 1961 anauawa huko Katanga. Habari inatangazwa katikati ya Februari, na tarehe 15 Februari watu weusi wa New York wanaingia ndani ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa na kuvuruga kikao kwa kelele za hasira. Kati yao yumo Abbey Lincoln, pamoja na mwandishi Maya Angelou. Yule yule unayemsikia diskini! Ukishajua hilo, ile sehemu ya We Insist! ambapo Lincoln anaacha maneno na kupiga mayowe haiwi tena kelele za ajabu. Wazee wetu wa Maniema wanaukumbuka msiba huo kwa lililofuata, Simba wa mwaka 1964 na damu yote ile. Mimi nilishangaa kwamba kuna mtu mwingine, mbali hivyo, aliyeulilia kwa sauti na sauti ikabaki.

Basi, ukiamua kuanza, haya ndiyo ya mikononi.

Umeme kwanza, maana swali la kwanza la kila mtu ni hilo. Kicheza CD kidogo kinakula umeme mdogo sana, sola moja ya nyumbani na betri yake vinatosha. Mashine ya diski ni habari nyingine. Kuna zenye mota inayoongozwa na mapigo ya umeme wenyewe, yaani mara 50 kwa sekunde. Ukiiwasha kwa grupu mbovu ambayo mwendo wake unapanda na kushuka, na muziki unapanda na kushuka nao. Coltrane anageuka mlevi. Tafuta mashine inayotumia umeme wa betri, volti 12 au chini yake, na uiunganishe kwenye sola. Sindano iwe ya almasi na iwe haijachakaa. Na ile tabia tuliyoirithi ya kuweka sarafu juu ya mkono wa mashine ili usiruke: acha kabisa. Uzito ule unachimba mfereji, na kila unapocheza unafuta.

Adui wetu wakubwa huku ni watatu: joto, vumbi na mchwa. Diski ya plastiki ikikaa chini ya mabati wakati wa kiangazi, hasa ikilazwa na nyingine zimepangwa juu yake, inajikunja kama chapati. Isimamishe wima, kama vitabu, mbali na ukuta unaopigwa na jua. Vumbi letu jekundu linaingia mfereji na sindano inalisaga humo humo. Mimi naosha diski kwa maji ya mvua na tone moja la sabuni laini, kitambaa laini kikifuata mzunguko, karatasi ya katikati isilowe, kisha inasimama ikauke kivulini. Zile diski nzito za zamani zaidi, za mizunguko 78, zinazovunjika kama sahani, usiziguse kwa alkoholi kabisa: zimetengenezwa kwa utomvu, na alkoholi inauyeyusha. Halafu mchwa. Mchwa hali plastiki, anakula jalada. Kwa maneno mengine anakula Langston Hughes na Melba Liston na kukuachia "Track 01". Weka diski juu ya meza ambayo miguu yake imo ndani ya makopo ya mafuta machafu, na pinduapindua majalada kila mwezi.

Kuhusu kununua. CD nyingi zinazouzwa sokoni kwetu ni zilizochomwa kwa kompyuta. Utaitambua kwa upande wa chini wenye rangi ya kijani au buluu, na huwa zinakufa kimya kimya baada ya miaka michache, hasa kwenye joto. CD ya kiwandani ina upande wa chini wa fedha tupu, na ndani karibu na tundu imechapwa namba ndogo. Za namna hiyo nimezipata Bujumbura, zilizotumika, kwa bei ya Primus mbili, na Kigoma mara moja. Huku Kabambare vitu vinafika kwa pikipiki kutoka Baraka kupitia Lulimba, kwa hiyo mwambie mfanyabiashara aifunge CD katikati ya vitenge, siyo pembeni ya gunia. Diski ya kwanza kabisa ya Uhuru Afrika ni ghali, wakusanyaji wa Ulaya wanaigombania. Usijiumize. Ilitolewa tena kwa CD pamoja na albamu nyingine ya Weston, Highlife, na kitabu chake kina majina yote.

Lakini kabla hujanunua cha Mmarekani yeyote, piga hodi kwa wazee. Nyumba nyingi huku zilipoteza kila kitu wakati wa vita, watu walikimbia porini na godoro na sufuria, nani angebeba diski? Na bado zipo zilizopona, chini ya vitanda, ndani ya masanduku ya bati. Nyingi ni nyimbo zetu wenyewe za mizunguko 45, na hizo zina tatizo lao: upande mmoja haukutosha wimbo mzima, kwa hiyo waliukata, maneno upande wa kwanza na sebene kubwa upande wa pili. Waliozihamisha kwenye simu mara nyingi wamehamisha upande mmoja tu. Ukimwona mzee analalamika kwamba wimbo unaishia pabaya, msikilize, anakumbuka upande wa pili. Usimwombe akuuzie. Mwombe upige picha karatasi ya katikati ya diski, pande zote mbili, na uandike jina la mtunzi, namba ya diski, na yeye aliinunua wapi. Daftari langu la Kabambare lina diski 40 ambazo hata moja si yangu.

Pia huyu wa kwetu asisahaulike: Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu mwaka 1947, aliyehamia Dar es Salaam mwaka 1978 na kufariki huko Desemba 2010. Songs for the Poor Man, albamu yake ya 1989, ilitoka kwa lebo ya Real World ya Uingereza. Si jazz, ni dansi, lakini ni mtoto wa Maniema kwenye CD ya kiwandani yenye majina ya wapigaji wake, na nyumba ngapi za Maniema zinayo? Mimi naiweka rafu moja na Coltrane.

Kinachonikosesha usingizi kwa sasa ni We Insist! ya plastiki. CD ninayo, ila ile picha ya kaunta kwenye CD ni ndogo kama kitambulisho, sura za wale wanaume huzioni sawasawa. Mwenye nayo Kindu, Bukavu au Kigoma aniambie. Sihitaji kuinunua, nitakuja na Uhuru Afrika yangu na betri yangu, tusikilize moja baada ya nyingine kwa mpangilio wa tarehe, Septemba kwanza, kisha Novemba.